Kuamini na Kukubali: Uhakiki wa Maneno ya Mjadala wa Mageuko na Muumba

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanapoandaa mdahalo, miongoni mwa mada zinazopendekezwa haikosi hii: "Je, unaamini mageuko au unaamini kuwapo kwa Muumba?" Mada hii huvuta watu wengi, hasa wanaotoka Rumonge, Magara, Minago na Nyanza-Lac. Katika mwambao huo wa Ziwa Tanganyika dini ni jambo la kila siku. Waislamu wa Rumonge ni wengi kuliko ilivyo katika sehemu nyingi za Burundi, na wanaishi nyumba kwa nyumba na Wakatoliki na Waprotestanti. Mdahalo huanza kwa hoja na kuisha kwa makelele: upande mmoja huitwa makafiri, upande wa pili huitwa wajinga. Anayepata hasara ni mwanafunzi wa katikati, ambaye ana mtihani wa biolojia na pia ana ibada yake ya Ijumaa au Jumapili, na sasa ameambiwa kwamba lazima achague kimoja.

Makala haya hayakusudii kuamua kama Mungu yupo. Hiyo si kazi ya idara ya Kiswahili. Hayakusudii pia kufundisha biolojia kwa ukamilifu wake. Lengo letu ni kuhakiki maneno. Mwanafunzi wetu anasoma biolojia kwa Kifaransa, anasali kwa Kirundi au kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu, kisha anakuja kubishana kwa Kiswahili sanifu. Katika safari hiyo maneno hubeba mizigo isiyo yao. Ni rai yetu kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu imo katika lugha, na kwamba mtaalamu wa lugha ana wajibu wa kuupunguza.

Kitenzi "kuamini"

Tuanze na kitenzi chenyewe. "Kuamini" kina undugu na "imani", "amana", "amani" na "uaminifu". Si kitenzi cha kupima kitu. Ni kitenzi cha kumkabidhi mtu moyo au mali. Sarufi ya Kiswahili inalionyesha jambo hili wazi. Tunasema "namwamini Mungu", "namwamini nahodha", na kile kiambishi cha mtendwa kinaonyesha kwamba kuna nafsi inayoaminiwa. Wavuvi wanaotoka usiku na taa kufuata ndagala humwamini anayeshika usukani. Hawamwamini kwa sababu wamefanya hesabu juu yake; wamemkabidhi maisha yao.

Sasa tunaposema "naamini mageuko" ni nani anayekabidhiwa? Hakuna. Mageuko ni maelezo ya jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Maelezo hayaombi kuaminiwa. Yanaomba kuchunguzwa, kisha yakubaliwe au yakataliwe kwa ushahidi. Hatumuulizi mtu, "Je, unaamini kwamba malaria huenezwa na mbu?" Tunamuuliza kama anajua. Kwa hiyo kitenzi kinachofaa hapa ni "kukubali", au "kuridhika na ushahidi". Mada ya mdahalo imefunga nira moja juu ya wanyama wawili wasiolima pamoja. Imeweka uhusiano wa mja na Mola wake sambamba na hitimisho la uchunguzi, kana kwamba ni vitu vya aina moja vinavyogombea kiti kimoja.

Neno "nadharia" limeumizwa vilevile. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "hiyo ni nadharia tu", kwa maana ya maneno matupu yasiyo na vitendo. Katika sayansi nadharia ni mfumo wa maelezo unaounganisha mambo mengi yaliyothibitishwa, na unaoweza kuangushwa ushahidi ukiupinga. Ziwa letu lina mfano mzuri. Mwingereza J. E. S. Moore alifika Tanganyika katika miaka ya 1890, akaona konokono wanaofanana na wa baharini. Katika kitabu chake The Tanganyika Problem cha mwaka 1903 akadai kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Dai lake lilipimwa na kukataliwa: ziwa si bahari iliyokatwa, ni bonde la ufa lililojaa maji. Hakuna aliyemwita Moore kafiri wala nabii wa uongo. Alikuwa na dhana, ushahidi ukaikataa, kazi ikaendelea. Jina lake limebaki kwa samaki, akiwemo Tropheus moorii. Imani haiendeshwi hivyo, na haipaswi kudaiwa iendeshwe hivyo.

Mageuzi, uteuzi na nyani

Tuje kwenye istilahi. Wengine huandika "mageuzi", wengine "mageuko". Tofauti si ndogo. "Mageuzi" yamefungamana na kugeuza: pana mtu anayegeuza kwa kukusudia. Afrika Mashariki ililisikia sana neno hili katika siasa za vyama vingi za miaka ya 1990, hata chama kimoja cha Tanzania kikajiita NCCR-Mageuzi. "Mageuko" yanatokana na kugeuka, jambo linalotukia bila kutaja wa kulifanya. Anayesema "mageuzi ya viumbe" amekwisha kumwingiza mgeuzaji bila kujua, kisha anashangaa wasikilizaji wakiuliza huyo mgeuzaji ni nani. Tunapendekeza "mageuko".

"Uteuzi asilia" una tatizo hilohilo. Uteuzi unadai mteuzi, kama vile waziri anavyoteuliwa na rais. Lakini jambo lenyewe halina kikao wala barua ya uteuzi. Mvuvi wa Rumonge analo neno bora zaidi mkononi mwake: wavu. Wavu wa matundu makubwa huwaachia wadogo wapite na kuwazuia wakubwa. Wavu hauwapendi wadogo wala hauwachukii wakubwa, unachuja tu. Ziwa lililovuliwa hivyo kwa vizazi vingi linaweza kubaki na samaki wanaokomaa wakiwa wadogo, kwa sababu hao ndio waliopata nafasi ya kuzaa. Kwa mantiki hiyo "mchujo asilia" ni istilahi inayoeleweka haraka zaidi, na haimwiti mteuzi asiyekuwapo katika maelezo.

Kosa la tatu ndilo linalowaudhi watu kuliko yote: sentensi "binadamu alitokana na nyani". Nyani ni yule mwizi wa mahindi mwenye mkia na pua ndefu. Hakuna mwanabiolojia anayedai kwamba yeye ni babu yetu. Mnyama aliye karibu nasi zaidi ni sokwe mtu, ambaye watu wa mwambao huu hawahitaji picha ili kumjua. Wapo katika hifadhi ya Vyanda, juu ya Rumonge, na wapo Gombe, upande wa Tanzania, kwenye ufuko huuhuu wa mashariki, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Hata hivyo sokwe naye si babu yetu, ni binamu. Wataalamu wanasema kwamba binadamu na sokwe walikuwa na wahenga wa pamoja takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita. Mwafrika anayejua tofauti ya babu, mjomba na binamu hawezi kushindwa kuielewa tofauti hii. Aliyeshindwa ni mfasiri.

Ziwa linasema nini?

Baada ya kusafisha maneno tunaweza kulisikiliza ziwa lenyewe. Tanganyika lina umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12 na kina cha mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Ndani yake mna samaki wa jamii ya sikilidi, yaani ndugu wa ngege, wa aina takriban 240, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Yupo kuhe, anayeweza kuzidi nusu mita. Wapo wadogo kama kidole wanaoishi na kulea watoto ndani ya makombe matupu ya konokono. Yupo mmoja ambaye wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya humwita Binti Mfalme wa Burundi. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa na wataalamu wa Basel, Uswisi, mwaka 2021 ulionyesha kwamba utajiri huu ulizaliwa humuhumu ziwani.

Ulizaliwaje? Tazama samaki wa miambani wa kundi la Tropheus. Hawa hula mwani juu ya mawe na hawapendi kuvuka mchanga mpana. Kwa hiyo kila mwamba ni kama kisiwa. Ukifuata ufuko utaona kwamba rangi hubadilika kutoka mwamba hadi mwamba: hapa weusi, pale wenye mkanda wa njano, kule wekundu. Walitenganishwa, na kila kundi likaenda njia yake.

Mfano mwingine ni samaki mla magamba, Perissodus microlepis. Mdomo wake umepinda, ama kulia ama kushoto. Aliyepinda kulia huvamia ubavu wa kushoto wa windo lake na kunyofoa magamba. Aliyepinda kushoto huvamia ubavu wa kulia. Mjapani Michio Hori aliwachunguza kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1993. Aliona kwamba idadi ya pande hizi mbili huyumba karibu na nusu kwa nusu. Wenye mdomo wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa huwa macho zaidi kwa ubavu wa kushoto, na wale wachache wa upande wa pili hushiba. Wakishiba huzaa, wakizaa huzidi, na mizani hurudi upande mwingine. Huo ndio mchujo ukifanya kazi mbele ya macho ya mtu, katika maji yetu, si katika mifupa ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Hata ndagala, ambaye kila nyumba ya Rumonge inamjua kwa ladha yake, ana historia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wahenga wake waliingia Afrika Magharibi kutoka baharini, miaka milioni 25 hadi 50 iliyopita, na uzao wao ukafika Tanganyika baadaye sana. Ajabu ni kwamba Moore alinusa harufu ya bahari katika ziwa hili, ila hakujua mlango ilimopitia.

Mambo haya yana ushahidi, na mwanafunzi anayeyakataa hamtukuzi Mungu kwa kuyakataa. Lakini mwanafunzi anayesimama kwenye mdahalo na kusema, "Kwa hiyo Muumba hayupo", naye amevuka mpaka wa ushahidi wake. Samaki mla magamba anatueleza jinsi midomo ilivyopinda. Hatuelezi kwa nini kuna ziwa badala ya kutokuwa na kitu chochote.

"Kiumbe": ungamo la lugha

Upande wa pili una haki ya kusikilizwa pia, na hapa Kiswahili chenyewe ni shahidi wake. Mwalimu wa biolojia anapofungua kinywa kusema "viumbe hai" amekwisha kutamka kitenzi "kuumba". Kiumbe ni kilichoumbwa. "Maumbile", "umbo" na "umbile" vimo katika familia hiyohiyo. Kirundi kinafanya vivyo hivyo: "ibiremwa" ni vilivyoumbwa, kutokana na "kurema", na Rurema ni jina mojawapo la Mungu. Majina ya watu nayo hutangaza jambo hilo kila siku: Habonimana, yaani anayeona ni Mungu; Havyarimana, yaani anayezaa ni Mungu. Mtu wa mwambao huu hasomi habari za Muumba kitabuni kwanza. Anazikuta katika lugha ya mama yake.

Je, tufute "viumbe" katika biolojia na kuunda neno jingine? Hapana. Lakini pia tusifanye kosa la kudhani kwamba neno limethibitisha jambo. Mtu asiye na dini anaweza kusema "viumbe hai" bila kudanganya, kama vile sote tunavyosema "jua limezama" na tunajua kwamba ni dunia iliyozunguka. Neno ni kumbukumbu ya jinsi wazee wetu walivyouona ulimwengu. Linastahili heshima, halitoshi kuwa hoja.

Mkirundi anayeitwa Havyarimana anajua vizuri kwamba alizaliwa na mama yake, kwa uchungu, nyumbani au zahanati. Hakuna anayemwambia achague: "Ulizaliwa na mama au ulizaliwa na Mungu?" Swali hilo lingechekesha. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa anayeamini, kila moja katika ngazi yake. Kwa nini basi swali hilohilo likiulizwa juu ya ukoo mzima wa binadamu ligeuke kuwa vita?

Somo kutoka isimu ya Kibantu

Sisi wa idara hii tuna sababu ya pekee ya kuuelewa mjadala huu, kwa kuwa tunafundisha mageuko kila wiki bila kuyaita hivyo. Tunaandika ubaoni: mtu na umuntu, mwana na umwana, jina na izina, jicho na ijisho, nyoka na inzoka. Kisha tunawaambia wanafunzi kwamba Kiswahili na Kirundi havikutokana kimoja na kingine. Vina mama mmoja wa kale. Hakuna anayepinga, na hakuna anayeondoka darasani akisema kwamba amepoteza dini. Ilhali vitabu vitakatifu vina habari za Mnara wa Babeli, na mtu angeweza kudai kwamba lugha zote zilitokea siku moja.

Uhusiano huu si wa kubahatisha. Wilhelm Bleek, aliyelieneza neno "Bantu" katika taaluma ya lugha katika miaka ya 1860, alikuwa binamu wa Ernst Haeckel, mtetezi mkubwa wa Darwin nchini Ujerumani, na Haeckel aliandika dibaji ya kitabu cha Bleek juu ya chimbuko la lugha mwaka 1868. Bleek huyohuyo alikuwa mtoto wa profesa wa theolojia. Darwin naye, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu, alilinganisha kutokea kwa lugha na kutokea kwa spishi.

Wapinzani wa mageuko hupenda methali isemayo "mtoto wa nyoka ni nyoka". Ni kweli. Lakini hebu tuitumie katika lugha. Hakuna mama aliyezungumza Kibantu cha kale akazaa mtoto wa kuzungumza Kirundi. Kila mtoto alielewana na mama yake, na kila kizazi kiliamini kwamba kinasema kama wazee wake. Hata hivyo, baada ya vizazi vingi, Mrundi na Mswahili wanahitaji mkalimani. Anayetembea kutoka Nyanza-Lac kuelekea Kigoma husikia Kirundi kikigeuka kidogo kidogo kuwa Kiha, na hakuna mahali anapoweza kuweka jiwe na kusema "lugha imebadilikia hapa". Samaki wa miambani ndivyo walivyo. Aliyeuelewa mti wa Kibantu ameuelewa mti wa viumbe nusu yake.

Nje ya ukumbi wa mdahalo

Mgogoro huu umewahi kufika mbali zaidi ya darasa. Mwaka 2006 mjini Nairobi, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kupinga jinsi Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalivyokusudia kuonyesha mabaki ya watu wa kale, akiwemo mvulana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Richard Leakey alisimama kuyatetea. Wasiwasi wa askofu kuhusu imani ya vijana ulikuwa wa kweli. Lakini kuuficha mfupa si kuilinda imani. Ni kumfundisha kijana kwamba imani yake inauogopa mfupa.

Dini zenyewe hazina msimamo mmoja. Papa Pius wa 12 aliruhusu mwaka 1950 uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu, huku akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana. Kwa Waislamu wa leo wanazuoni wametofautiana: wapo wanaoyakataa yote, na wapo wanaoyakubali kwa wanyama na mimea huku wakimtenga Nabii Adamu. Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, aliyakubali mageuko maisha yake yote na aliandika waziwazi juu ya maisha yake ya kiroho. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kuna kambi mbili tu hajaambiwa ukweli wote.

Fasihi yetu imeligusa suala hili kwa juu. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani (1999), alithubutu kuleta katika riwaya ya Kiswahili ugomvi wa imani na ukanaji wa Mungu. Ni kazi ya ujasiri na inafaa kusomwa. Lakini uwanja wake ni mbingu na jehanamu. Swali la kijana wa Rumonge anayetaka kujua kwa nini samaki wa mwamba huu hafanani na wa mwamba ule, na ambaye baadaye ataitikia adhana au kengele, bado linamsubiri mwandishi wake.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi waiache mada ya "unaamini kipi" na badala yake waulize: "Je, anayekubali mageuko anaweza kumwamini Muumba?" Hilo ni swali linaloweza kujadiliwa bila kumfukuza mtu. Pili, walimu watumie "mageuko", "mchujo asilia" na "wahenga wa pamoja", na wamwache nyani apumzike. Tatu, vitenzi vitengwe: Mungu huaminiwa, ushahidi hukubaliwa.

Kutenga vitenzi hakutamaliza tofauti zote. Atabaki Mwislamu na atabaki Mkristo ambaye, baada ya maneno yote kusafishwa, ataona kwamba mafundisho aliyopokea juu ya Adamu hayapatani na mti wa wanabiolojia. Huyo anayo hoja halisi, na anastahili kujibiwa na wanazuoni wa dini yake na walimu wa biolojia, kwa adabu. Lakini angalau ajibiwe juu ya jambo lenyewe, si juu ya tafsiri mbaya. Walimu wa shule za mwambao wanakaribishwa kutuandikia istilahi wanazozitumia, ili toleo lijalo lizijadili.